Warushaji vijana wa besiboli: tuandikieni habari za kiwiko, si za kasi na dola pekee

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua. Kila Julai, drafti ya Ligi Kuu ya Besiboli ya Marekani (MLB), yaani zoezi la klabu kuchagua vijana kwa zamu, inapofanyika, kurasa za michezo hujaa tarakimu za aina mbili: kasi ya mpira na bonasi ya kusaini. Huyu anarusha maili 98 kwa saa, yule amepewa dola milioni tano. Mzazi au kocha akisoma hayo huondoka na somo moja tu, kwamba kijana aongeze kasi, aonekane mapema na achukuliwe mapema. Ninaandika kulipinga somo hilo. Drafti humpa mrushaji nafasi zaidi ya moja. Ukano wa kiwiko ukikatika akiwa na miaka 16, hapewi mwingine kama ule aliozaliwa nao.

Nianze na kanuni, kwa sababu ndizo zinazoandikwa vibaya zaidi. Drafti ilianza mwaka 1965. Tangu 2021 ina raundi 20. Kuanzia 2012 hadi 2019 zilikuwa 40, na mwaka wa korona, 2020, zilikuwa 5 tu. Wanaoingia ni vijana wa Marekani, Kanada, Puerto Rico na maeneo mengine yaliyo chini ya Marekani, pamoja na mgeni anayesoma sekondari au chuo huko. Mhitimu wa sekondari ambaye hajajiunga na chuo anaweza kuchaguliwa. Aliye katika chuo cha miaka miwili anaweza kuchaguliwa mwaka wowote. Aliyejiunga na chuo kikuu cha miaka minne husubiri amalize mwaka wa tatu au afikie umri wa miaka 21. Kwa hiyo kijana yuleyule anaweza kuitwa akiwa na miaka 18, akakataa, kisha akaitwa tena akiwa na 21 na hata 22. Kukataa hakuna adhabu kwake. Klabu hupoteza haki ya kumsajili, na yeye hurudi kwenye drafti kanuni zikimruhusu.

Anayeishi na kusoma nje ya nchi hizo haingii drafti kabisa. Yeye husaini moja kwa moja na klabu, kuanzia miaka 16, katika dirisha linalofunguliwa tarehe 15 Januari. Waafrika wawili wanaonyesha tofauti hiyo vizuri. Gift Ngoepe wa Afrika Kusini alisaini moja kwa moja na Pittsburgh Pirates mwaka 2008, na Aprili 2017 akawa mzaliwa wa kwanza wa Afrika kucheza Ligi Kuu. Tayler Scott, mrushaji aliyezaliwa Johannesburg, alisoma sekondari Arizona, kwa hiyo ikambidi apitie drafti: Chicago Cubs walimchagua raundi ya 5 mwaka 2011. Alisimama kwenye kilima cha kurushia cha Ligi Kuu kwa mara ya kwanza Juni 2019, akiwa na Seattle Mariners, miaka minane baada ya jina lake kutajwa. Waganda Umar Male na Ben Serunkuma, warushaji wote wawili, walisaini na Los Angeles Dodgers mwaka 2022 bila drafti. Gazeti linaloandika kwamba vijana hao "walidraftiwa" linawapotosha wazazi wenye watoto wanaocheza, maana njia hizi mbili zina umri tofauti, karatasi tofauti na fedha tofauti.

Sasa tuitazame hiyo haraka. Tangu 1965 hadi drafti ya 2025, hakuna mrushaji wa mkono wa kulia aliyetoka sekondari na kuchaguliwa wa kwanza kabisa. Hata mmoja. Wa mkono wa kushoto wamewahi kuwa watatu: David Clyde mwaka 1973, Brien Taylor 1991 na Brady Aiken 2014. Clyde aliwekwa uwanjani na Texas Rangers Juni ileile aliyochaguliwa, akiwa na miaka 18, uwanja ukajaa watu. Alimaliza Ligi Kuu akiwa na miaka 24, ameshinda mechi 18 na kupoteza 33. Taylor aliumia bega katika ugomvi mwishoni mwa 1993 na hakufika Ligi Kuu. Aiken naye hakufika, na kisa chake nitakirudia kwenye habari za vipimo vya hospitali.

Upande wa pili yuko Paul Skenes. Alipomaliza sekondari California hakuna klabu iliyomchagua. Alikwenda chuo cha Jeshi la Anga la Marekani, ambako alikuwa mdakaji (anayepokea mipira ya mrushaji) na mrushaji kwa pamoja, kisha akahamia Chuo Kikuu cha Jimbo la Louisiana (LSU). Mwaka 2023 Pirates walimchagua wa kwanza na kumpa dola milioni 9.2. Stephen Strasburg, wa kwanza mwaka 2009, naye hakuchaguliwa alipotoka sekondari. Jacob deGrom alikuwa mlinzi wa kati ya kituo cha pili na cha tatu (shortstop) pale Chuo Kikuu cha Stetson, akaanza kurusha mwaka wake wa tatu wa chuo. New York Mets walimchukua raundi ya 9 mwaka 2010, na baadaye alitwaa tuzo ya mrushaji bora, Cy Young, mara mbili. Tarik Skubal pia ni wa raundi ya 9, mwaka 2018. Sisemi kila anayesubiri atafika. Ninachosema ni kwamba klabu zenyewe, kwa namna zinavyotumia fedha zao, zimeonyesha kwamba haziuamini sana mkono wa miaka 18. Mzazi ana sababu gani ya kuuamini zaidi yao?

Skauti wa eneo, yaani mtafuta vipaji wa klabu, ndiye huja kwanza. Huyu humjua kocha, hujua darasani kijana yukoje, hujua kama nyumbani wako tayari kumwachia. Akiridhika huandika ripoti, kisha klabu hutuma mkaguzi wa ngazi ya juu anayewalinganisha vijana wa majimbo mbalimbali. Alama hutolewa kwa kipimo cha 20 hadi 80, na 50 ni wastani wa Ligi Kuu. Kila aina ya rusho hupewa alama mbili: ya leo, na ya siku kijana atakapokomaa. Alama ya leo ya mwanafunzi wa sekondari huwa ndogo, na si aibu.

Kasi ndiyo inayomfungulia mlango, hilo halina ubishi. Mwanafunzi anayegusa maili 90 kwa saa, yaani kilomita 145, huanza kutafutwa na vyuo vikubwa. Wa raundi za mwanzo siku hizi hurusha maili 95 na zaidi. Lakini rada husoma kasi peke yake. Vifaa kama TrackMan na Rapsodo husoma idadi ya mizunguko ya mpira, mwelekeo wa mzunguko huo, na mahali mkono unapouachia. Mpira wa kasi wa kawaida wa Ligi Kuu huzunguka takriban mara 2,300 kwa dakika. Kutoka ubao wa mrushaji hadi bamba la mpigaji ni futi 60 na inchi 6, yaani mita 18.44, na mpira wa maili 95 huumaliza umbali huo kwa takriban sekunde 0.4. Anayeuachia mpira futi 7 mbele ya ubao badala ya futi 6 humpunguzia mpigaji muda bila kuongeza maili hata moja. Ndiyo maana vijana wawili wenye kasi sawa hulipwa tofauti.

Yapo pia mambo ambayo skauti huyatazama wakati mzazi anatazama rada tu. Kasi ya iningi (kipindi cha mechi) ya tano ikilinganishwa na ya kwanza. Sekunde anazotumia kijana kuufikisha mpira kwa mdakaji mkimbiaji akiwa kwenye kituo; 1.3 ni nzuri, 1.6 ni zawadi kwa mwizi wa vituo. Kama mguu wa mbele unatua mahali palepale kila rusho. Na kubwa zaidi, kama kijana ana rusho la tatu. Mwenye mpira wa kasi na slaida (mpira unaopinda kwenda pembeni) pekee huonekana kama mrushaji wa iningi moja moja mwishoni mwa mechi, na thamani yake hushuka. Rusho linalokosekana mara nyingi ni chenjiapu, mpira unaotoka mkononi kama wa kasi lakini ukachelewa kufika. Wanafunzi wengi hawaufanyii mazoezi kwa sababu kasi yao inatosha kuwashinda wapigaji wa jimbo lao, na kocha anayetaka ushindi wa Ijumaa hii hataomba urushwe. Hapo kocha anakosea. Kijana mwenye ndoto ya drafti arushe chenjiapu kumi katika kila mechi, hata nyingine zikipigwa.

Nije kwenye kiwiko, ambako ningependa gazeti lako litumie wino mwingi zaidi.

Mkono wa mrushaji unapokwenda mbele, bega huzunguka kwa kasi ya takriban nyuzi 7,000 kwa sekunde, moja ya miondoko ya kasi zaidi mwilini. Wakati huo upande wa ndani wa kiwiko huvutwa ufunguke. Kinachouzuia ni ukano mdogo unaofunga mfupa wa juu wa mkono na mmoja wa mifupa ya kigasha. Vipimo vya maabara vinaonyesha kwamba mvuto wa rusho moja la nguvu zote unazidi kile ambacho ukano huo ungehimili peke yake. Haukatiki, na si kwa bahati. Misuli ya kigasha iliyoupitia juu hubeba mzigo uliobaki. Ukielewa hilo utaelewa kwa nini uchovu ni hatari kuliko aina ya rusho. Misuli ikichoka huacha kubeba, mzigo wote hurudi kwenye ukano.

Utafiti wa mwaka 2006 wa taasisi ya tiba ya michezo ya ASMI ya Birmingham, Alabama, uliwalinganisha vijana waliofanyiwa upasuaji na wasiofanyiwa. Waliorusha mara kwa mara mkono ukiwa umechoka walikuwa na uwezekano mara 36 wa kufikia upasuaji. Waliorusha zaidi ya miezi 8 kwa mwaka, mara 5. Waliozidisha marusho 80 kwa mechi, mara 4. Tofauti kati ya 36 na 4 ndiyo inayopaswa kubandikwa ukutani: hesabu ya marusho ni muhimu, lakini uchovu ni muhimu mara nyingi zaidi.

Mwaka 2014 MLB na USA Baseball, chama cha besiboli cha Marekani, walitoa mwongozo uitwao Pitch Smart. Miaka 13 hadi 16, mwisho ni marusho 95 kwa siku; miaka 17 na 18, mwisho 105. Baada ya marusho 31 hadi 45 kijana wa miaka 15 hadi 18 hupumzika siku moja. 46 hadi 60, siku mbili. Wa miaka 15 na 16 akirusha 61 hadi 75 hupumzika siku tatu, na kuanzia 76, siku nne. Wa 17 na 18 mpaka wake wa siku nne huanzia 81. Jumla isizidi iningi 100 kwa miezi 12. Na kila mwaka iwepo miezi 4 bila kurusha, ambayo angalau miwili au mitatu ifuatane.

Mwongozo huo mzuri huvunjwa bila mtu yeyote kudhani ameuvunja. Kijana huchezea shule na pia timu ya kusafiri, kila kocha akihesabu marusho yake tu. Hupumzishwa kurusha halafu akawekwa kuwa mdakaji, kazi ya kurudisha mpira mara mia na zaidi kwa mechi. Mashindano ya wikiendi humpa iningi mbili Ijumaa, mbili Jumamosi, tatu Jumapili, na kwenye kila karatasi namba inaonekana ndogo. Marusho ya kupasha mwili hayahesabiwi kabisa. Dawa yake ni daftari moja linalokaa kwa mzazi au kwa kijana mwenyewe, si kwa kocha: tarehe, marusho ya mechi, marusho ya mazoezi kutoka kilimani, na jinsi mkono ulivyoamka asubuhi iliyofuata.

Kosa lenye gharama kubwa zaidi hutokea vuli na majira ya baridi. Kijana ametoka kwenye mapumziko, mwaliko wa maonyesho ya vipaji unafika, ada inalipwa, na anasimama mbele ya rada akiwa na wiki mbili tu za mazoezi. Hatarusha kwa nusu ya nguvu mbele ya maskauti. Atatoa zote. Mkono uliopumzika miezi kadhaa unahitaji wiki sita hadi nane kabla ya hapo: kuanzia umbali wa futi 45, siku tatu kwa wiki na siku ya kupumzika katikati, kisha futi 60, 90, 120 na zaidi, halafu kilimani mpira wa kasi peke yake kwa nusu ya nguvu, kisha robo tatu, mipira ya kupinda mwisho. Maonyesho yasiyoipa ratiba hiyo nafasi yakataliwe. Skauti anayemtaka kijana atamfuata Machi, na bila ada.

Dalili za uchovu zinaonekana hata kwa asiye na kifaa. Mipira huanza kwenda juu, kiwiko kinashuka chini ya mstari wa bega, kasi inapungua maili mbili au tatu, kijana anachelewa kati ya rusho na rusho, anautingisha mkono. Mtoe hapohapo, hata ikiwa ni rusho la 52. Maumivu ya upande wa ndani wa kiwiko si uchovu. Hayo ni ya daktari. Kwa wa miaka 9 hadi 14 mara nyingi ni sehemu ya mfupa inayokua iliyoanza kuvutika, na hupona kwa kuacha kurusha kwa wiki kadhaa, sharti aache kweli.

Kuna imani inayoenea kwamba upasuaji wa Tommy John huongeza kasi. Hauongezi. Frank Jobe aliufanya kwa mara ya kwanza Septemba 1974, kwa kuchukua ukano kutoka sehemu nyingine ya mwili na kuupachika kiwikoni. Tommy John alirudi 1976 na kushinda mechi nyingine 164. Lakini kurudi huchukua miezi 12 hadi 18. Anayeonekana kurudi na kasi zaidi amekuwa mwaka mzima akijenga miguu na mgongo, kazi ambayo angeifanya bila kisu. DeGrom na Skubal walipasuliwa, wakarudi wakawa bora. Tunawajua kwa majina kwa sababu hiyohiyo. Desemba 2024 MLB yenyewe ilitoa ripoti ndefu juu ya majeraha ya warushaji, na iliyataja mambo haya: kusaka kasi, kusaka mzunguko, kurusha kwa nguvu zote kila mara, hata kwa vijana wasio wa kulipwa. Wastani wa mpira wa kasi Ligi Kuu ulikuwa maili 91.3 mwaka 2008 na 94.2 mwaka 2024.

Fedha nitazieleza kwa ufupi. Katika raundi 10 za mwanzo kila nafasi ina thamani iliyopangwa. Ya kwanza mwaka 2025 ilikuwa dola 11,075,900. Jumla ya thamani za nafasi za klabu ndiyo mfuko wake, na klabu ikiuzidi hulipa kodi ya asilimia 75 ya ziada. Ikiuzidi kwa zaidi ya asilimia 5 hupoteza chaguo la raundi ya kwanza. Ndiyo maana klabu humchukua mwanafunzi wa mwaka wa nne kwa bonasi ndogo ili kuokoa fedha za kumlipa kijana wa sekondari baadaye. Ndiyo maana pia skauti atauliza kabla ya drafti: mtasaini kwa kiasi gani? Familia iwe na jibu moja mapema, lililokwisha pimwa dhidi ya gharama ya chuo, kodi ya serikali kuu inayofika asilimia 37, na sehemu ya wakala. Simu huja kati ya chaguo na chaguo, na muda wa kufikiri ni wa dakika chache.

Halafu hospitali. Mwaka 2014 Houston Astros walimchagua Aiken wa kwanza, wakaona jambo kwenye picha za kiwiko chake, wakapunguza ofa, hakusaini; 2015 alifanyiwa upasuaji. Kumar Rocker alikubaliana na Mets dola milioni 6 mwaka 2021, vipimo vikaharibu mkataba. Mwaka uliofuata Rangers walimchagua wa tatu na kumpa milioni 5.2. Tangu mkataba wa pamoja wa 2022 kati ya MLB na chama cha wachezaji, kijana miongoni mwa wanaotajwa juu akikubali kupimwa kabla ya drafti, klabu itakayomchagua inalazimika kumpa ofa isiyopungua asilimia 75 ya thamani ya nafasi yake. Kijana mwenye kiwiko kizima apimwe. Mwenye wasiwasi nacho azungumze na daktari wake mwenyewe kwanza, mapema, si Juni.

Na mshahara unaofuata si wa magazetini. Mkataba wa 2023 wa ligi ndogo, ambako waliochaguliwa huanzia, uliweka dola 19,800 kwa mwaka katika ngazi ya chini na 35,800 katika ngazi ya juu, Triple-A. Aliyesaini raundi ya 15 kwa dola elfu kadhaa ataishi kwa hizo kwa miaka. Kabla hajasaini, aulize kuhusu mpango wa masomo, ambao klabu huahidi kulipia chuo baadaye mradi arudi darasani ndani ya miaka miwili baada ya kuacha kucheza. Kiasi hicho hujadiliwa siku ya kusaini. Baada ya hapo hakiongezwi.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni dogo. Julai ijayo, mkiandika jina la mrushaji aliyechaguliwa, pamoja na kasi na bonasi andikeni umri wake, ni mara ya ngapi anaingia drafti, alirusha iningi ngapi mwaka huo, na kama kiwiko chake kimewahi kupasuliwa. Takwimu za chuo kikuu huchapishwa kwenye kurasa za timu zao, na za sekondari kocha akiulizwa atazitoa.

Msomaji wenu,
Kocha wa warushaji vijana